Kisahani na Kengele: Sehemu Mbili Zilizoipa Simu Kanuni Zake

Ukifungua simu ya zamani ya kuzungusha namba, utakuta vitu vingi vilivyotulia: koili, kapasita, nyaya zilizokazwa kwa skrubu, na ndani ya mkonga kipaza sauti chenye punje za kaboni. Vinavyotembea hasa ni viwili. Cha kwanza ni kisahani chenye matundu 10, ambacho mpigaji hukizungusha kwa kidole. Cha pili ni kengele yenye vikombe viwili vya chuma na kinyundo katikati yake. Kwa kisahani, mwenye nyumba huuambia mtambo wa simu anamtaka nani. Kwa kengele, mtambo humwambia mwenye nyumba kwamba leo anayetakiwa ni yeye.

Watu wengi wanaozipenda simu hizi huzipendea umbo na rangi yake. Mimi nataka kuuliza mengine: kwa nini sehemu hizi mbili ziliundwa jinsi zilivyoundwa, kwa nini zilitofautiana nchi kwa nchi, na nini kimebaki kwetu baada ya simu zenyewe kuondoka mezani? Naamini kwamba springi, sumaku na meno ya gia za wakati ule ndizo zilizopanga mambo ambayo leo tunayaona ya kawaida kabisa, kuanzia namba tunayopiga nyumba ikiungua hadi mwendo wa mlio unaotuita. Kwa hiyo simu ya aina hii ikihifadhiwa bila kuzunguka wala kulia, sehemu kubwa ya thamani yake imeshapotea.

Kengele ilitangulia

Alexander Graham Bell alipopata hataza yake mwaka 1876, simu iliweza kubeba sauti lakini haikuwa na namna ya kumwita mtu aliye upande wa pili. Msaidizi wake, Thomas Watson, ndiye aliyehangaika na tatizo hilo. Alianza na kinyundo kidogo kilichogonga kiwambo cha simu, akajaribu kifaa cha kuvuma, na mwaka 1878 akafikia kengele yenye sumaku ya kudumu iliyoendeshwa na jenereta ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Muundo huo ulikuwa mzuri kiasi kwamba kengele zilizokuwa zikitengenezwa miaka 100 baadaye zilifuata kanuni ileile.

Tatizo la pili lilihusu laini yenye simu kadhaa. Mwanzoni kengele ziliunganishwa kwa mfuatano, umeme ukapita katika moja baada ya nyingine, na sauti ya mazungumzo ikafifia kila simu mpya ilipoongezwa. Mwaka 1890 John Carty wa Marekani aliziunganisha kengele sambamba, kila moja ikikatiza kati ya nyaya mbili za laini, na akazipa koili zenye mizunguko mingi ya waya. Koili za namna hiyo huupitisha umeme wa kengele, ambao hubadilika polepole, lakini huuzuia umeme wa sauti, ambao hubadilika haraka. Tangu hapo kengele iliweza kukaa kwenye laini saa zote bila kudhoofisha maongezi.

Kisahani kilichelewa. Kwa muda mrefu, aliyetaka kupiga simu aliongea kwanza na opereta, akamtajia jina au namba, naye akachomeka waya kwenye swichibodi. Aliyeuvunja utaratibu huo alikuwa Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi katika mji wa Kansas City. Inasimuliwa kwamba alishuku opereta wa mji akiwapeleka wateja wake kwa mshindani wake wa biashara. Aliomba hataza ya mtambo usiohitaji opereta mwaka 1889, akaipata mwaka 1891, na tarehe 3 Novemba 1892 mtambo wa kwanza wa kibiashara wa aina hiyo ulifunguliwa La Porte, Indiana.

Simu za La Porte hazikuwa na kisahani. Mteja alibonyeza vitufe, kila kimoja mara kadhaa kulingana na tarakimu aliyoitaka, na kila nyumba ilihitaji nyaya za ziada. Ilikuwa rahisi kukosea hesabu, na gharama ya nyaya ilikuwa kubwa. Mwaka 1896 mafundi wa kampuni ya Strowger, Alexander Keith na ndugu wawili, John na Charles Erickson, walibuni kifaa cha kuzungusha kinachohesabu chenyewe. Vya mwanzo vilikuwa na mapezi yaliyochomoza badala ya matundu, lakini wazo kuu lilikuwa limekamilika: binadamu achague, mashine ihesabu.

Wazo hilo lilienea polepole. Hildesheim nchini Ujerumani walikuwa na mtambo wa kujiendesha mwaka 1908, na Epsom nchini Uingereza mwaka 1912. Kampuni kubwa ya Bell huko Marekani ilishikilia maopereta wake hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilipoufungua mtambo wa Norfolk, Virginia, mwaka 1919. Sababu mojawapo ya kusita ilikuwa ya kibinadamu: kisahani kilihamisha kazi ya opereta kutoka kwa mfanyakazi aliyefunzwa hadi kwenye kidole cha kila mteja, awe mzee, mtoto au mtu mwenye haraka. Kampuni zililazimika kuwafundisha wateja kwa vipeperushi na filamu: sikiliza mlio kwanza, vuta hadi kidole kigote, kisha achia.

Kazi inayofanyika kidole kikishaachia

Neno hilo la mwisho, achia, ndilo lenye siri yote. Mtu anapovuta kisahani hadi kwenye kizuio, hakuna kinachopelekwa kwenye laini. Anachofanya ni kukaza springi tu. Kazi huanza anapoondoa kidole. Springi hukirudisha kisahani, gia ndogo huzunguka, na kipande chenye meno hutenganisha vibapa viwili vya chuma vinavyogusana. Kila vinapotengana, umeme wa laini hukatika kwa kitambo kidogo. Tarakimu 3 hukata mara tatu, 7 mara saba, na 0 mara kumi.

Wabunifu wa kisahani waliamua mapigo yatoke wakati wa kurudi kwa sababu mkono wa mtu hauna mwendo mmoja. Mwenye hasira huvuta kwa nguvu, mgonjwa huvuta taratibu. Springi huvumilia yote hayo, kisha hurudi kwa kasi yake. Ili kasi hiyo isibadilike, ndani ya kisahani kuna kidhibiti mwendo: vizito viwili vidogo kwenye mhimili unaozunguka kwa kasi sana. Mwendo ukizidi, vizito hutanuka na kusugua ukuta wa kikombe kinachovizunguka, na msuguano huo hupunguza kasi. Ule mngurumo laini unaosikika kisahani kinaporudi ndio sauti ya vizito hivyo vikifanya kazi.

Kasi iliyokubaliwa karibu kote duniani ilikuwa mapigo 10 kwa sekunde. Kila pigo lina sehemu mbili: muda wa kukata na muda wa kuunga. Katika simu za Posta ya Uingereza, ukataji ulichukua theluthi mbili ya pigo, yaani takriban milisekunde 67, na uungaji milisekunde 33. Marekani walikaribia 60 kwa 40. Uwiano huo ulitegemea sumaku-umeme zilizokuwa mtamboni, ambazo zinahitaji muda wa kushika na muda wa kuachia. Kisahani kinachokwenda kasi mno huzinyima muda huo, na mpigaji huishia kwenye namba ya mtu mwingine.

Huko mtamboni, swichi ya Strowger ilitii kila pigo kwa mwili wake. Swichi ya mwisho ilishughulikia tarakimu mbili: kwa mapigo ya kwanza mkono wa chuma ulipanda ngazi moja moja hadi kufikia safu, na kwa mapigo yaliyofuata ulizunguka hatua kwa hatua ndani ya safu hiyo. Safu 10 zenye nafasi 10 kila moja zilifanya laini 100. Swichi zilizotangulia zilipanda kwa amri ya kisahani, kisha zikazunguka zenyewe kutafuta njia iliyo wazi kabla tarakimu inayofuata haijaingia. Muda huo mfupi wa kutafuta ulitokana na kidole kuvuta tarakimu nyingine, na visahani vya Uingereza viliongezewa mwendo mtupu usiotoa mapigo, ili hata mtu mwenye kidole chepesi asiweze kuuharakisha mtambo kupita uwezo wake.

Kuna vibapa vingine ndani ya kisahani ambavyo watumiaji wengi hawakuvijua. Kisahani kinapoondoka tu kwenye nafasi yake ya mapumziko, vibapa hivi hukizima kisikilizio kwa muda. Bila hivyo, kila ukataji ungepasuka sikioni mwa mpigaji. Katika simu nyingi, vilevile huondoa kipaza sauti njiani, kwa sababu punje za kaboni hubadilisha ukinzani wake kila zinapotikiswa na zingeharibu umbo la mapigo.

Kwa kuwa tarakimu ni hesabu ya kukatika kwa umeme na si kitu kingine, kisahani hakikuwa njia pekee ya kuipeleka. Watu waligundua kwamba kugonga haraka kile kitufe cha kitako, ambacho mkonga hukikandamiza ukiwekwa chini, hufanya kazi ileile: gonga mara nne, tua kidogo, gonga mara mbili, na mtambo umesoma 42. Maofisi mengi yaliweka kufuli dogo kwenye tundu mojawapo la kisahani ili wafanyakazi wasipige simu za binafsi. Kufuli lilizuia gurudumu lisizunguke, lakini kitako kilibaki wazi, na mwenye mkono mwepesi na hesabu nzuri alipiga simu yake kana kwamba kufuli halipo.

Namba zilizozaliwa na mapigo

Hapa ndipo kisahani kinapotoka mezani na kuingia katika maisha ya umma. Novemba 1935 nyumba iliungua katika mtaa wa Wimpole jijini London, na wanawake watano wakafa. Jirani aliyejaribu kuita zimamoto kwa simu alisubirishwa kwenye foleni ya opereta, akaandika barua ya malalamiko kwa gazeti la The Times. Serikali ikaamua kuwe na namba maalumu ya dharura, na tarehe 30 Juni 1937 London ikaanza kutumia 999.

Kwa nini 9? Tarakimu 1 ilikuwa ya hatari, kwa sababu ni pigo moja tu: nyaya mbili za nguzoni zikigusana kwa upepo, mtambo ungeweza kusoma mfululizo wa 1 na kuwaamsha polisi bure. Tarakimu 0 tayari ilikuwa ya opereta. Simu za vibandani, ambazo zilikuwa zimeshapangwa kuruhusu 0 bila sarafu, zingeweza kurekebishwa kwa urahisi ziruhusu na 9. Kisha kuna suala la giza na moshi. Mtu asiyeona kitu anaweza kupapasa kisahani hadi akakutana na kizuio cha kidole, akahesabu tundu la kwanza kuwa 0 na la pili kuwa 9. Ukichambua 999 unakuta ni hesabu ya makini iliyozingatia upepo, sarafu na vidole vya mtu mwenye hofu.

Tazama jinsi nchi nyingine zilivyofika kwingine kwa hoja zilezile. Nyuzilandi ilitumia mitambo ya Kiingereza, lakini visahani vyake vilihesabu kinyume: 0 ilitoa mapigo 10 kama kawaida, ila 1 ilitoa mapigo 9, 2 ikatoa 8, hadi 9 iliyotoa pigo moja. Namba ya dharura ilipoanzishwa Masterton na Carterton mwaka 1958, walichagua 111. Kwa macho ni tofauti na 999. Kwa mtambo ni jambo lilelile, mapigo tisa mara tatu, na tundu liko mahali palepale kwenye kisahani. Jiji la Oslo nalo lilihesabu kinyume, ingawa sehemu nyingine za Norwei hazikufanya hivyo. Uswidi waliiweka 0 mwanzoni ikatoa pigo moja, na kila tarakimu ikasogea hatua moja hadi 9 iliyotoa mapigo kumi. Ndiyo sababu namba yao ya dharura, 90 000, ilikuwa rahisi kupiga kuliko inavyoonekana: mvuto mmoja mrefu na minne mifupi.

Marekani, hesabu ya mapigo ilipanga ramani ya nchi. Mwaka 1947 Marekani na Kanada ziligawanywa katika maeneo 86, kila moja na namba ya tarakimu tatu. New York ilipewa 212, yaani mapigo 5 kwa jumla. Los Angeles ikapata 213 na Chicago 312, mapigo 6 kila moja. Miji yenye simu nyingi ilipewa namba fupi kwa kidole, kwa sababu kila sekunde ya kusubiri kisahani kirudi ilikishika kifaa ghali mtamboni. Alaska ilipopewa namba yake miaka 10 baadaye, ilipata 907, ambayo ni mapigo 26. Tarakimu ya kati ilikuwa 0 au 1 tu, ili mtambo ujue mara moja kwamba hii ni namba ya eneo na si ya jirani.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa Uingereza. Tangu enzi za ukoloni Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na shirika moja la posta na simu, lililodumu kwa sura mbalimbali hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Namba 999 inaendelea kutumika Kenya na Uganda hadi leo, na hupigwa kwenye skrini ya kioo isiyojua pigo ni nini. Sababu zilizoizaa zimeondoka, nayo bado inaokoa watu.

Uso wa kisahani una historia yake pia. Miji mikubwa ilitumia majina ya vituo, na herufi zikaandikwa kando ya tarakimu ili mtu apige herufi tatu za jina la kituo kisha namba. Waingereza waliiweka O pamoja na 0, Wamarekani wakaiweka kwenye 6. Mteja wa London akipewa namba ya herufi kutoka New York angeweza kumpata mtu asiyemjua, na tofauti ya namna hiyo ni moja ya mambo yaliyozifanya nchi ziachane na herufi na kutumia tarakimu tupu. Simu ya modeli 500 ya kampuni ya Western Electric, iliyochorwa na Henry Dreyfuss na kutoka mwishoni mwa miaka ya 1940, iliziondoa namba ndani ya matundu na kuziweka nje ya gurudumu ili zionekane vizuri. Ajabu ni kwamba watu walianza kupiga polepole zaidi. Mwanasaikolojia wa maabara ya Bell Labs, John Karlin, alionyesha dawa: doa jeupe katikati ya kila tundu, ili jicho liwe na mahali pa kulenga. Kasi ikarudi. Madoa hayo yapo kwenye simu za modeli hiyo, na wengi huyadhani ni urembo.

Kengele na umeme unaoisukuma

Ukilinganisha, kengele ndiyo sehemu iliyowapa mafundi kazi ya hila zaidi. Lazima ikae imeunganishwa na laini mchana na usiku, isiguswe na umeme wa mazungumzo, isishtuliwe na mapigo ya kisahani, lakini iamke papo hapo mtambo ukiita.

Laini ya simu hubeba umeme mnyoofu wa volti 48 au 50. Kapasita iliyo mbele ya kengele huuzuia umeme huo usipite, na kwa mtambo laini huonekana kama haina mtu. Mtambo ukitaka kuita, hupeleka umeme geu wenye nguvu zaidi: Marekani takriban volti 90 kwa hezi 20, Uingereza takriban volti 75 kwa hezi 25. Umeme geu hupita kwenye kapasita na kuingia katika koili mbili. Kati ya koili hizo kuna kipande cha chuma kilichokwisha kupewa uelekeo na sumaku ya kudumu, ambacho huinama upande mmoja umeme ukiwa chanya na upande wa pili ukiwa hasi. Kinyundo kilichoshikamana nacho hupiga kikombe cha kushoto, kisha cha kulia. Kwa hezi 20 ni mapigo 40 kila sekunde, kwa hezi 25 ni 50. Mteja akiinua mkonga, umeme mnyoofu hupata njia, mtambo hugundua na kukata umeme wa kuita mara moja. Fundi aliyeshika nyaya tupu wakati simu inaingia hahitaji kuelezwa nguvu ya umeme huo.

Vikombe viwili hutengenezwa kwa sauti tofauti kidogo ili mlio uwe na mchanganyiko unaopenya kelele za nyumba. Na hapa kuna jambo la kutazama kwa karibu. Tundu la skrubu kwenye kikombe haliko katikati kamili. Ukilegeza skrubu na kukizungusha kikombe, ukingo wake husogea karibu au mbali na kinyundo, na kwa njia hiyo fundi hupata nafasi anayoitaka bila kukunja chochote. Kinyundo kikitulia kinatakiwa kisikiguse kikombe. Kifike kwa mwendo wa ziada wa kuruka, kigonge, kirudi. Kikiegemea chuma, mlio huwa mkavu na mfupi. Kikiwa mbali mno, simu inaita na nyumba haisikii. Upana wa karatasi chache ndio unaotenganisha kengele nzuri na mbovu, na sikio hulijua hilo kabla ya kipimo.

Kuna ugonjwa mwingine, kengele kudonoka wakati simu nyingine ya laini hiyohiyo inapiga namba. Mapigo ya kisahani nayo hutikisa umeme wa laini, na kinyundo huyaitikia. Wamarekani waliweka springi ndogo inayokivuta kinyundo upande mmoja, ili mtikisiko mdogo usitoshe kukisogeza. Waingereza, walipoanza kutumia soketi za kuchomeka miaka ya 1980, waliweka kapasita ndani ya soketi kuu na kupitisha waya wa tatu wa kengele katika nyumba nzima. Hadi leo mtu anayechomeka simu ya Kiingereza kwenye soketi ya nchi nyingine huweza kuzungumza vizuri lakini asisikie ikilia, kwa sababu waya huo haupo.

Mwendo wa mlio nao una sababu. Marekani kengele hulia sekunde 2 na kunyamaza 4. Mpango huo uliwezesha simu za mji kugawanywa katika makundi matatu yanayopokezana, na jenereta moja ikahudumia yote bila kulemewa. Uingereza kengele hulia mara mbili kwa ufupi, sekunde 0.4, kimya 0.2, tena 0.4, kisha kimya cha sekunde 2. Ireland, Australia na Nyuzilandi zilirithi milio miwili hiyo. Vijijini Marekani, ambako familia kadhaa zilishiriki laini moja, mlio ulibeba ujumbe zaidi: mrefu mmoja na mifupi miwili kwa nyumba hii, mifupi mitatu kwa ile, na kila jirani alijua nani ameitwa. Ili kupunguza usumbufu huo, baadhi ya kampuni zilitumia kengele zilizotegwa kwa mitetemo tofauti. Kinyundo cha kila nyumba kilikuwa na uzito na springi inayoitikia hezi zake tu, na mtambo uliita kwa hezi 20, 30, 40 na kuendelea. Nyumba moja ikaamka, nyingine zikalala. Kwa chuma na springi peke yake, huo ulikuwa ufundi wa hali ya juu.

Namna mambo yalivyogeuka

Kengele na kisahani havikuondoka siku moja. Tarehe 18 Novemba 1963 wateja wa Carnegie na Greensburg, Pennsylvania, walianza kupewa simu za vitufe vinavyotoa sauti. Faida yake haikuwa wepesi peke yake. Mapigo ya umeme huishia kwenye mtambo unaoyahesabu, lakini sauti husafiri pamoja na mazungumzo hadi mwisho wa laini, na hivyo vitufe vikaweza kuzungumza na benki au mashine ya kupokea ujumbe. Uingereza walitoa simu iitwayo Trimphone mwaka 1965, ambayo ni daraja kati ya enzi mbili. Bado ilikuwa na kisahani, kilichoangazwa gizani na mrija mdogo wenye gesi ya tritiamu, lakini kengele ilikuwa imeng'olewa na mahali pake pamewekwa mlio wa kielektroniki. Mlio huo ulifanana na sauti za ndege kiasi kwamba ndege wa bustanini waliuiga.

Leo anayetaka kuitumia simu ya kisahani hukutana na vikwazo viwili, na vyote vinatoka katika sehemu zetu hizi mbili. Nchi nyingi zinaondoa laini za shaba na kuweka nyuzi za kioo. Uingereza imepanga kuufunga mtandao wake wa zamani wa simu ifikapo Januari 2027. Kisanduku cha intaneti kinachochukua nafasi ya mtambo huenda kisijue kuhesabu mapigo kabisa, na ukizungusha namba kitakaa kimya. Dawa yake ni kuchagua kisanduku kinachoyakubali, au kuweka kigeuzi kidogo kinachosoma mapigo na kuyatoa kama sauti za vitufe. Kwa upande wa kengele, visanduku vingi hutoa umeme dhaifu kuliko wa mtambo wa zamani, na koili nzito za simu moja huweza kuumaliza wote. Ukiunganisha mbili, hakuna itakayolia.

Kasoro za simu yenyewe kwa kawaida ni chache na zinatibika. Kisahani kinachochelewa kurudi mara nyingi kina mafuta ya zamani yaliyoganda, na kumwagia mafuta mapya juu yake ni kuongeza tope. Kinahitaji kusafishwa, kisha tone moja jepesi penye mhimili, na vizito vya kidhibiti mwendo viachwe vikavu, kwa kuwa vinafanya kazi kwa msuguano. Kipimo cha haraka ni kuzungusha 0: mapigo 10 yanatakiwa yatoke kwa takriban sekunde moja. Kengele iliyofifia irekebishwe kwa vikombe kwanza, kabla ya kulaumu koili.

Msimamo wangu ni huu. Katika soko la vitu vya kale kuna tabia ya kung'oa kengele na kisahani na kuweka vitufe na spika ndani ya ganda la zamani, ili simu "ifanye kazi". Inafanya kazi, lakini imeacha kufundisha. Kijana akizungusha 9 mara tatu kwa mkono wake, akausikia mngurumo wa kidhibiti na kuona muda unaopita, ataelewa kwa dakika moja kwa nini namba ya dharura ya Kenya na Uganda ikawa ilivyo, na kwa nini New York ilipewa 212. Akifungua kifuniko na kutazama kinyundo kikipokezana kati ya vikombe, ataujua umeme geu kwa macho, jambo ambalo vitabu vya fizikia hulihangaikia kurasa nyingi. Simu za aina hii bado zimo katika stoo za maofisi na nyumba za wazee wetu, zikisubiri kutupwa. Vyuo vya ufundi na makumbusho yetu vingefanya jambo la maana kuziokota, kuziunganisha mbili mbili na kisanduku kidogo kinachohesabu mapigo na kutoa umeme wa kuita, kisha kuwaachia wanafunzi wapigiane. Gharama yake ni ndogo, na somo lake haliwezi kupatikana kwa kuitazama simu iliyofungiwa kwenye kabati la kioo.